Nilivyopaka Mahindi ya Kogo Ugonjwa

Kama hujawahi kusaga majani ya mahindi mgonjwa, shukuru Mungu na uendelee na chakula chako. Mimi nimesaga. Hiyo harufu si ya kitu imeoza kabisa, na si ya kitu kibichi. Iko hapo katikati, kama soksi imekaa ndani ya gambuti wiki mbili halafu mtu akaimwagia maji ya miwa. Inaingia kwa pua, inatafuta kiti, inakaa. Unanawa na sabuni, unanawa na majivu, jioni ukileta tonge mdomoni inakusalimia kabla ya mboga.

Na nilikuwa nalipwa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuandikwa, mimi mtu wa darasa la nane, ambaye mwalimu wa sayansi aliniambia nitapita mtihani siku ile watatahini vichekesho. Kila Jumanne nilikuwa navaa koti nyeupe imenipita magoti, naingia ndani ya nyumba ya neti nyuma ya boma letu, hapa upande wa Ndanai, nasaga ugonjwa.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Nikiwa mdogo, ule wakati bado natembea shule bila viatu, mahindi ya huku ilianza kufa kifo kibaya. Majani inapata mistari ya manjano kuanzia chini. Halafu lile jani changa la katikati linakauka, ukilivuta linatoka mkononi kama jino la maziwa, na pale limetoka kunabaki uvundo. Ukimenya hindi unapata punje chache zimekaa mbali mbali kama watu wamekosana kanisani. Watu wa kilimo walikuja na pikipiki, wakasema ni virusi, hakuna dawa ya kupiga, ng'oeni, pandeni viazi na maharagwe kwanza. Majirani baadaye walinunua mbegu mpya za duka, ikawa afadhali. Lakini kona yetu, sijui ni udongo ama ni laana ya nani, ugonjwa ulikuwa unarudi kila msimu kama jamaa wa kuomba chumvi.

Shamba ni la Kogo, yaani nyanya yangu, mama ya baba. Ndiye alinilea. Kogo mbegu ya duka hataki kusikia. Ako na yake, mahindi meupe ya punje pana, alipewa na mama mkwe wake siku ya kuolewa. Mahindi ya mbegu hufungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa juu ya moto jikoni, moshi inapiga mpaka yanakuwa meusi kama sufuria. Mdudu hagusi. Shida ni moja, moshi haizuii uzee. Kila msimu Kogo alikuwa anapanda kamstari kamoja nyuma ya zizi, ugonjwa unamaliza, na huko juu ya moto kamba zinazidi kuwa tupu. Msimu uliopita alipanda, na nyingi hata hazikumea. Zilikuwa zimechoka kungoja. Zile chache zilimea, ugonjwa ukachukua.

Siku hiyo aliketi kwa kigoda akaangalia zile zimebaki juu.

"Hizi zisipozaa mwaka huu," akasema, "mwaka ujao nitakuwa nimetundika kuni."

Hakuwa anatania. Kogo akitania huwa anafunika mdomo, na siku hiyo mkono ulikuwa kwa goti. Wakati huo wote tulikuwa tunakula unga ya paketi. Anaifungua, ananusa kwanza kama polisi wa barabarani ananusa dereva. "Hii imelala na nani?" anauliza. Halafu anapika ugali akiwa amegeuza uso.

Hapo ndipo Daktari aliingia. Si daktari wa watu, ni wa mimea, mama mmoja wa kutoka kati ya nchi, mwendo wa haraka, maneno ya haraka. Kikipsigis chake kilikuwa salamu na asante, basi. Alipitia kwa chifu akiuliza wapi kuna ugonjwa mwingi na wapi kuna mtu ako na mbegu ya zamani. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu anatafuta ugonjwa vile wengine wanatafuta ploti. Chifu akamleta kwetu mkono kwa mkono. Kwa hayo mambo mawili tulikuwa matajiri.

Kogo hajui Kiswahili ya maana, ana ile ya kununua sukari. Kwa hivyo niliitwa nitafsiri. Tuliketi nje kwa mabenchi, Daktari akatoa kachupa ka maji meupe kama maziwa yameongezwa maji.

"Mwambie Kogo hii inaitwa nano," akasema. "Ni udongo, lakini umefanywa mdogo mpaka macho haiwezi ona. Unaona unywele wako mmoja? Kwa hii dawa, huo unywele ni mti wa blugamu. Kila kachembe kamebeba ujumbe, kipande kidogo kimetolewa kwa huyo kirusi mwenyewe. Hakiwezi leta ugonjwa. Jani linasoma huo ujumbe, linamjua adui mapema. Akija anapata mlango umefungwa. Na kwa sababu ni udongo, inashika kwa jani, haioshwi na maji haraka."

Nikatafsiri hiyo yote, hata nikaongeza chumvi kwa blugamu. Kogo akaitikia na kichwa. Blugamu alielewa.

"Sasa sikiza hii vizuri," Daktari akaendelea. "Ni kinga, si tiba. Nusu ya mahindi yake tutapulizia. Nusu hatutapulizia, tutaipa maji tupu. Halafu yote tutapaka ugonjwa kwa mkono. Ile nusu ya maji itakufa. Bila hiyo hatuwezi jua kama ni dawa imefanya kazi ama ni bahati tu. Mwambie yote, usiache neno. Ni mbegu yake, lazima akubali akijua."

Nikageukia Kogo. Sasa hapo, na hii ndiyo kitu inanifanya nijitapikie mpaka leo, niliona ile koti nyeupe imekunjwa kwa mapaja ya Daktari. Alikuwa amesema atahitaji kijana wa hapa. Nikajua nikisema lile neno "itakufa", Kogo ataamka aende kukamua, na mimi nitarudi kuchuna majani chai ya watu. Nikafungua mdomo.

"Anasema ana dawa ya mahindi yako. Itapona."

Kogo akaniangalia. "Basi? Ameongea kama mtu wa mahubiri na ni hiyo tu?"

"Kiswahili ni refu, Kogo."

Akaingia jikoni, akapanda kigoda, akashusha mbegu yote. Yote. Akaileta imefunikwa na leso kama mtoto anapelekwa kubatizwa, akaweka kwa mikono ya Daktari, akatia kidole kwa karatasi ya kukubali. Daktari akasema "Kongoi," ndiyo asante. Kogo akamjibu kwa Kikipsigis kwamba Mungu ambariki. Mimi nikatafsiri hiyo sawasawa. Hiyo ilikuwa rahisi.

Nyumba ya neti ilisimamishwa na fundi wawili. Neti yenyewe matundu yake ni madogo, vidukari wasipite, maana wadudu ndio wabebaji wa ugonjwa. Mlangoni kuna karai ya dawa ya kukanyaga na viatu. Ndani kulikuwa na ndoo za buluu na ndoo nyeupe. Buluu ingepata nano, nyeupe ingepata maji. Zikamea, si zote, lakini zikamea, Kogo akaja kuangalia akiwa nje ya neti, akaimba kidogo. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu babu afe.

Daktari akapulizia buluu. Akangoja siku kadhaa. Halafu ikafika Jumanne yangu.

Unachukua majani mgonjwa. Unakata na makasi, unaweka kwa kinu kadogo ka jiwe, unaongeza maji fulani yenye chumvi, unasaga. Inatoka uji wa kijani wenye povu. Unachuja kwa kitambaa, na kile kinabaki kwa kitambaa, nisikuharibie siku. Unachanganya na unga fulani mgumu kama mchanga laini, kazi yake ni kukwaruza jani ndiyo ugonjwa upate mlango. Halafu unachovya vidole, unashika jani changa, unapaka kutoka chini kwenda juu. Polepole. Jani ni laini kama sikio la ndama, na wewe uko hapo unalikwaruza ukilipea kifo. Glavu zilikuwa zinanipea jasho ndani, nikawa sijui maji gani ni yangu na gani ni ya ugonjwa.

"Polepole, usirarue," Daktari alikuwa anasema. "Kama unapaka mtoto mafuta."

Mtoto! Nikachovya vidole tena.

Na hiyo si mwisho. Kila siku nilikuwa nageuza majani na kaglasi ka kukuza kuangalia kama kuna kidukari ameingia. Kwa macho hivi ni kachembe. Kwa ile glasi ni ng'ombe amevimba, amezaa watoto bila hata kuolewa, wote wamechomeka midomo kwa jani wanafyonza, na huku nyuma wanatoa maji ya sukari. Nikimpata namfinya. Anatoa sauti? Hapana. Anatoa supu.

Habari ilifika kituo cha majani chai kabla yangu. Siku moja nimepeleka majani chai kidogo ya Kogo, jamaa tulisoma naye akanipigia kelele mbele ya mama wote kwa foleni.

"Buda! Ati unalipwa kuua mahindi?"

"Si kuua. Ni utafiti."

"Si uje kwetu basi. Huku mahindi inakufa bure, hakuna mtu ametulipa."

"Usimguse na hiyo mikono," mama mmoja akasema, "atakufanya uanze kukauka kutoka katikati."

Watu wakacheka mpaka karani akakosea kuangalia mizani. Mimi pia nikacheka. Ndivyo niko, nikichekwa nacheka zaidi yao ndiyo wachoke. Lakini nilikuwa naangalia nyuma kama Kogo ako karibu.

Kwa sababu Kogo alikuwa ameshaniuliza. Aliniona Jumanne hiyo kupitia neti.

"Unapaka nini?"

"Mafuta, Kogo."

"Mafuta gani inanuka kama tumbo ya kondoo?"

"Ya hospitali. Si unajua za hospitali zote zinanuka?"

Akarudi jikoni. Lakini siku zikaenda, na ndoo nyeupe zikaanza. Kwanza mistari ya manjano. Halafu kukunjamana. Buluu zimesimama, kijani mpaka nyeusi. Nyeupe zinainama kama watu wa kilio. Na Kogo kila asubuhi akitoka kukamua anapitia hapo, ndoo ya maziwa mkononi, anaangalia. Alikuwa amejua yule mama mwenye maji meupe huwa anaenda kwa ndoo gani na anaruka gani.

"Kwa nini hizo nyeupe hampatii?"

"Zamu yao bado."

"Kwa hii boma," Kogo akasema, "hakuna ndama imewahi kusimama ikiangalia mwenzake akinyonya."

Ni kweli. Kogo akikamua huwa anaacha chuchu ya ndama, na kama mama ya ndama amekufa, anapeleka ndama kwa ng'ombe mwingine na kumlazimisha akubali. Hiyo ndiyo sheria ya hapa. Nilipaswa kujua hapo hapo kwamba kuna kitu inakuja. Badala yake nikasema kitu cha kuchekesha juu ya mahindi kunyonya, nikaenda zangu.

Jumapili ya kwanza Kogo alikosa kanisa, alisema ni magoti. Ya pili, magoti. Mwanamke ambaye alienda kanisa na malaria.

Jumatatu nikapata mistari nyeusi. Si manjano, nyeusi, imepita juu ya jani kutoka chini kwenda juu, kwa ndoo nyeupe zote, na kwa buluu za mbele pia. Nikapigia Daktari simu, akaja mbio siku hiyo hiyo. Akapiga magoti kwa matope na suruali yake safi.

"Hii sijawahi ona," akanong'ona. "Inaweza kuwa kuvu. Inaweza kuwa kitu mpya kabisa." Macho ilikuwa inang'aa, unajua vile watu wa vitabu huogopa na kufurahi pamoja. Akapiga picha, akatuma kwa wenzake, akakata jani akaweka kwa karatasi ya plastiki, akafunga mara tatu. Akaniambia nisiguse kitu.

Alipoenda niliinama nikanusa lile jani. Si kwamba nilikuwa nanusa vizuri, pua yangu ilikuwa imeshakufa. Lakini hiyo nilijua. Ilikuwa harufu ya kibuyu. Kogo hutengeneza mursik, ile maziwa yetu ya kulala, na kabla ya kuweka maziwa husugua kibuyu ndani na mkaa wa mti fulani, akitumia ufagio mwembamba mrefu tunaita sosiot. Ncha yake ni nyeusi siku zote. Nilikulia kwa hiyo harufu. Na sasa ilikuwa inatoka kwa jani la utafiti, na Daktari alikuwa barabarani anapeleka mkaa wa Kogo kwa maabara kama ugonjwa mpya wa dunia.

Mtu mwema angepiga simu. Mimi nilingoja Jumapili.

Nilivaa nguo ya kanisa, nikaaga, nikazunguka nyuma ya zizi. Kengele ya kanisa haijamaliza, Kogo akatoka jikoni na sosiot kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine. Akakanyaga karai vizuri, hiyo alikuwa ameona nikifanya. Akaingia. Ile dawa inayobaki Daktari huwa anaacha kwa mtungi kivulini, Kogo akamimina kwa kikombe, akachovya sosiot, akaanza kupitisha kwa majani. Jani moja, lingine. Ndoo moja, ingine. Anaongea nayo pole pole kwa ile sauti ya kubembeleza ndama imekataa kunywa. Akimaliza nyeupe anapitia buluu, ili zisione zimeachwa.

Nikaingia bila kukanyaga karai.

"Kogo, toka hapo."

Hakushtuka. "Umekuja vizuri. Shika kikombe."

"Kogo, unaharibu."

"Mimi ndiye naharibu?" Akanyoosha mgongo. "Hizi za ndoo nyeupe zilifanya makosa gani? Niambie. Na usiniletee vichekesho."

Nikatafuta kichekesho, kusema ukweli. Nikakosa. Nikamwambia. Kwamba nyeupe ziliwekwa hapo zife. Kwamba hiyo ilisemwa siku ya kwanza kwa benchi, na mimi nikaila. Kwamba yale mafuta hayakuwa mafuta, ulikuwa ugonjwa, nilisaga mwenyewe nikapaka mwenyewe, jani kwa jani.

Kogo hakupiga kelele. Aliniangalia vile anaangalia unga ya paketi. Halafu mdomo ukakunjamana, akageuka akatema mate chini, si yale mate ya baraka ambayo wazee wetu hutemea mtoto, mate ya kutoa kitu mbaya kwa ulimi.

"Nilikupa mbegu ya mama mkwe wangu," akasema, "ukaipaka mavi."

"Kogo, pole."

"Mlete yule mama. Nataka kusikia kwa mdomo wake. Na wewe utakuwa hapo, utasema kila neno. Hata la kukutukana."

Daktari alikuja Jumanne akiwa na barua ya maabara na uso wa mvua. "Mkaa," akaniambia kabla ya salamu. "Mkaa na mafuta ya maziwa. Wenzangu wananiuliza kama napika ndani ya neti."

Tukaketi kwa yale mabenchi. Nikaanza na yangu. Kwa Kiswahili nikamwambia Daktari vile nilitafsiri siku ile. Alifunga macho.

"Kwa hivyo huyu mama aliweka kidole kwa uongo?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu mchafu, unajua hiyo?"

"Amesema nini?" Kogo akauliza.

"Amesema mimi ni mtu mchafu."

"Mwambie mimi nilisema kwanza."

Nikamwambia. Hakuna mtu alicheka. Nimekaa mbele ya watu wengi wakinicheka na sijawahi kuona aibu, lakini kutafsiri matusi yako mwenyewe kwenda na kurudi, ukichagua neno sawa lisipunguke, hiyo inakuvua nguo.

Halafu Daktari akaeleza yote upya, polepole, nami nikageuza neno kwa neno. Nano ni ngao. Ngao unashika kabla ya mshale, si baada. Kupaka dawa jani ambalo limeshaugua hakuponyi. Na sosiot, na hapo alisita, sosiot ilikwaruza majani, ikatoa ugonjwa kwa nyeupe ikaingiza kwa buluu. Kila Jumapili.

Nilitaka kuruka hiyo. Naapa, ulimi ulikuwa umeshaanza kukata kona. Kogo alikuwa anaangalia midomo yangu. Nikasema.

Akaangalia viganja vyake muda mrefu. Akavipangusa kwa leso, kila kidole, kama vina ule uji wa kijani.

"Kwa hivyo tumezipaka wote wawili," akasema. Hiyo sikuambiwa nitafsiri, lakini nilitafsiri.

Daktari akasema sheria ni kuchoma yote. Utafiti umeharibika, hakuna mtu anaweza kujua ndoo gani ilipata nini. Kogo akauliza swali moja. Zile buluu za nyuma kabisa, zimesimama, zenye hazina mstari mweusi? Daktari akaenda kuangalia. Ni kweli, mstari wa mwisho wa buluu haukuwa umeguswa. Ili kufika huko lazima uiname upite chini ya mbao ya kushikilia neti, na magoti ya Kogo hayakuwa uongo wote.

"Uliza yeye," Daktari akaniambia, "kama anajua nikiacha hizo zikomae, na nipime punje, na nipate virusi ndani, nitachoma mbele yake."

Nikauliza. Kogo akasema ndiyo. Daktari akasema, "Uliza tena. Sema neno 'kuchoma'." Nikasema tena.

Zile zingine tulichoma siku hiyo. Mimi ndiye nilichimba shimo, mimi nilizing'oa. Ndani ya shina kulikuwa na ute, na majani ya katikati yalitoka mkononi na ile harufu. Nilitapika kando ya shimo. Kogo akaniangalia nikitapika, hakusema pole.

Tulingoja mpaka mahindi ikakauka kwa shina. Hakunisemesha mambo ya shamba wakati huo wote. Nilikuwa naambiwa "maji" na "kuni". Jioni nikimaliza kukagua vidukari, nilikuwa naketi nje ya neti nikiangalia ule mstari wa mwisho ukitoa ndevu, roho mkononi. Mwisho Daktari akavuna, akaenda na punje. Tukangoja tena. Shangazi yetu wa Sigowet akaja kutembea akiwa na mbegu ya duka kama zawadi, Kogo akaipokea, akaipeleka kwa kuku.

Siku Daktari alirudi, alikuwa na bahasha mbili, moja nene, moja nyembamba. Nilisimama nitafsiri. Daktari akapita kando yangu kama anapita mti wa uzio, akaenda mpaka kwa Kogo, akanyoosha bahasha nyembamba.

"Hii safi," akasema kwa sauti kubwa, polepole, vile mtu huongea na kiziwi. "Hakuna ugonjwa."

"Ile ingine?" Kogo akauliza kwa Kiswahili. Sikujua ana hilo neno.

"Ile ingine nimekuja nayo tuchome."

Kogo akafungua nyembamba, akamwaga punje kwa kiganja. Zilikuwa chache mno, zingetosha kwa kikombe cha chai na nafasi ibaki. Hakunusa. Aliweka moja kwa meno akaibonyeza kidogo, akaitoa, akairudisha na zingine.

"Kogo anasema..." nikaanza.

"Nyamaza," Kogo akaniambia kwa Kiswahili. Akamgeukia Daktari. "Wewe taktari. Hii yangu, weka tawa yote. Yote! Hapana maji tupu."

"Lakini mama, lazima nusu nyingine isipate, ndiyo nijue..."

"Ya kufa lete yako."

"Yangu?"

"Ya tuka. Mpegu ya tuka, iko mingi. Weka tawa nusu, nusu maji, ikufe, sawa. Upande ule." Akaonyesha na kidevu. "Yangu upande hii. Na huyu," akanionyesha na kidevu hicho hicho, "apake yako. Yangu hapana pakwa kitu."

Daktari akafikiria. Akaanza kuhesabu kwa vidole jambo fulani, akaangalia neti, akatikisa kichwa kusema hapana, halafu akatikisa ile ya ndiyo.

"Hata hiyo inaweza kufanya kazi," akasema. "Ya kwako itakuwa ya mbegu tu, si ya utafiti. Umeelewa? Si utafiti."

"Hapana elewa," Kogo akasema. "Sema tena."

Akasema tena. Kogo akauliza, Daktari akajibu kitu kingine kabisa, wakabishana juu ya kitu ambacho kila mtu alikuwa anafikiri ni tofauti, wakarudia mwanzo. Kiswahili cha mmoja kilikuwa kinakimbia na cha mwingine kinachechemea. Ningewamalizia hiyo maneno kwa dakika moja. Nilisimama hapo na jembe la kuchimba shimo la kuchomea mpaka miguu ikauma, hakuna mtu aliniuliza.